Johan Gadolin: Mwanakemia ambaye jina lake hupita katika figo za wagonjwa

Katika jaa la Dandora, mashariki mwa jiji la Nairobi, runinga kuukuu zimekuwa zikitupwa kwa miaka mingi pamoja na masazo ya jikoni, plastiki na nyaya. Wanaochakura humo kutafuta riziki huwania shaba na chuma. Vioo huvipiga teke. Hata hivyo, nyuma ya kioo cha runinga ya rangi ya zamani hupatikana unga mwembamba uliokuwa ukiipa picha wekundu wake. Unga huo una itriamu, metali ambayo dalili zake ziliripotiwa mara ya kwanza mwaka 1794 na mwanakemia mmoja wa mji wa Turku, nchini Ufini.

Mwanakemia huyo, Johan Gadolin, hakuwahi kuikanyaga Afrika. Alifariki zaidi ya karne moja kabla ya nyumba za kwanza za Dandora kuanza kujengwa katikati ya miaka ya 1970. Lakini jina lake hutajwa kila siku katika vyumba vya hospitali, kwa kuwa dawa inayodungwa mshipani ili kung'arisha picha za kipimo cha MRI hutengenezwa kwa metali iliyopewa jina la gadoliniamu kwa heshima yake. Na kiungo kinachoamua iwapo dawa hiyo itamfaa mgonjwa au itamdhuru ni figo.

Kwa sababu hiyo, maisha ya msomi huyu wa karne ya 18 yanamhusu mkazi wa Dandora kuliko inavyodhaniwa.

Mwana wa nyumba ya wasomi

Gadolin alizaliwa Juni 5, 1760 mjini Turku, enzi ambazo Ufini ilikuwa sehemu ya ufalme wa Uswidi. Baba yake, Jakob Gadolin, alikuwa profesa wa fizikia katika chuo kikuu cha mji huo, kisha akafundisha teolojia na hatimaye akawa askofu. Babu yake mzaa mama, Johan Browallius, pia alikuwa askofu na mtaalamu wa elimu ya viumbe. Nyumbani kwao, vitabu vya dini na vyombo vya kupimia nyota vilikaa pamoja bila ugomvi.

Asili ya ukoo huo, hata hivyo, ilikuwa katika jembe. Wazee wake walikuwa wakulima, na jina la shamba lao lilifungamana na jina Magnus, ambalo kwa Kilatini lina maana ya mkubwa. Mmoja wa ukoo alipopata elimu, alijichagulia jina kutokana na neno la Kiebrania lenye maana hiyo hiyo, gadol. Hivyo ndivyo jina la wakulima wa Ufini lilivyopata sauti ya Mashariki ya Kati, na hivyo ndivyo lilivyoingia baadaye katika orodha ya elementi za dunia.

Kijana Johan alijiunga na chuo cha Turku akiwa na umri wa miaka 15. Alianza na hisabati, lakini akaiona ngumu na kugeukia kemia. Mwaka 1779 alivuka bahari hadi Uppsala, Uswidi, kusoma chini ya Torbern Bergman, mmoja wa mabingwa wakubwa wa uchanganuzi wa madini barani Ulaya. Huko alifunzwa jambo lililokuja kuwa msingi wa maisha yake yote: kupima, kupima tena, na kutosema zaidi ya kile ambacho mizani imeonyesha.

Bergman alipofariki mwaka 1784, Gadolin alitumaini kukirithi kiti chake. Akapewa mtu mwingine. Alirejea Turku, akateuliwa mwaka uliofuata kuwa profesa asiye na kiti kamili, cheo chenye heshima kubwa kuliko mapato. Kati ya mwaka 1786 na 1788 alizuru Denmark, Ujerumani, Uholanzi, Uingereza na Ayalandi, akifanya kazi na wanakemia wa huko na kuandika kuhusu joto na jinsi vitu mbalimbali vinavyolipokea. Ilimpasa kusubiri hadi mwaka 1797 ndipo akapata kiti kamili cha kemia mjini kwao.

Kama mwalimu, alikuwa mbele ya wakati wake. Wakati vyuo vingi viliwaketisha wanafunzi kumtazama profesa akifanya majaribio, yeye aliwaruhusu kuyafanya kwa mikono yao wenyewe, hata katika maabara yake ya binafsi. Mwaka 1798 alichapisha kitabu cha utangulizi wa kemia kwa Kiswidi kilichofuata nadharia mpya ya Lavoisier, na hivyo kuwafungulia vijana wa Ulaya ya kaskazini elimu iliyokuwa ikibishaniwa na wakubwa.

Jiwe jeusi la Ytterby

Kisa kilicholifanya jina lake lidumu kilianza katika machimbo ya Ytterby, karibu na Stockholm, yaliyotoa mawe ya kutengenezea vyombo vya kauri. Mwaka 1787 luteni wa jeshi aliyependa madini, Carl Axel Arrhenius, aliokota humo jiwe jeusi lenye uzito usio wa kawaida. Vipande vyake vilipita mikononi mwa wataalamu, na kimoja kikamfikia Gadolin.

Aliliyeyusha kwa asidi, akalitenganisha hatua kwa hatua, akapima kila sehemu. Chuma kilikuwamo. Mchanga wa aina ya silika ulikuwamo. Lakini zaidi ya theluthi moja ya jiwe, takriban asilimia 38, ilikuwa kitu cheupe ambacho hakikufanana kikamilifu na udongo wowote uliojulikana na wanakemia.

Mtu mwenye pupa angepiga mbiu. Gadolin hakufanya hivyo. Katika taarifa yake ya mwaka 1794 alieleza vipimo vyake kwa ukamilifu, akasema dalili zinaelekea kwenye udongo mpya, na kuacha mlango wazi kwa wengine kumkosoa. Miaka mitatu baadaye Anders Gustaf Ekeberg alirudia kazi hiyo na kuthibitisha kuwa kweli kilikuwa kitu kipya. Udongo huo ukaitwa itria, na metali iliyofichika ndani yake ikaja kuitwa itriamu.

Tahadhari ya Gadolin ilikuwa na maana, kwani yeye mwenyewe alikuwa amekosea mahali pamoja. Sehemu ya jiwe aliyoidhania kuwa ni udongo wa aluminiamu ilikuwa na beriliamu, elementi ambayo wakati huo ilikuwa haijagunduliwa. Kosa hilo halikuliangusha jengo zima, kwa kuwa alikuwa ameweka vipimo vyake hadharani na mtu yeyote aliweza kuvikagua.

Mnamo mwaka 1800 jiwe lenyewe liliitwa gadolinaiti. Kutokana na machimbo yale madogo, wanakemia waliofuata walichambua elementi moja baada ya nyingine, nne kati yake zikibeba jina la kijiji hicho: itriamu, itabiamu, tabiamu na abiamu.

Moto wa Turku

Maisha ya Gadolin hayakuwa ya utulivu. Vita vya mwaka 1808 na 1809 viliiondoa Ufini mikononi mwa Uswidi na kuitia chini ya mfalme wa Urusi. Profesa alibaki Turku, akaendelea kufundisha hadi alipostaafu mwaka 1822.

Usiku wa Septemba 4, 1827 moto ulizuka mjini humo na kuendelea hadi siku ya pili. Sehemu kubwa ya Turku iligeuka majivu. Chuo kikateketea, na pamoja nacho maabara na mkusanyiko wa madini ambao Gadolin alikuwa ameutunza kwa miaka mingi. Mwaka uliofuata chuo kikahamishiwa Helsinki. Mzee huyo wa miaka 67 alibaki na kile tu kilichokuwa kimechapishwa.

Aliishi miaka mingine 25, akafariki Agosti 15, 1852 akiwa na umri wa miaka 92. Wakati huo hakuna elementi iliyoitwa kwa jina lake. Hiyo ilikuja baadaye. Mwaka 1880 Jean Charles Galissard de Marignac, mwanakemia wa Uswisi, alitambua dalili za elementi mpya katika madini ya jamii hiyo, na mwaka 1886 Mfaransa Paul-Émile Lecoq de Boisbaudran akapendekeza iitwe gadoliniamu. Kichekesho ni kwamba jiwe la gadolinaiti lina gadoliniamu kidogo mno.

Sumaku yakutana na figo

Kwa karibu miaka 100 metali hiyo haikumhusu mgonjwa yeyote. Mambo yalibadilika baada ya mwaka 1973, Paul Lauterbur wa Marekani alipoonyesha kwamba sumaku na mawimbi ya redio vinaweza kuchora picha ya kitu kwa ndani. Yeye pamoja na Mwingereza Peter Mansfield walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2003 kwa kazi iliyozaa MRI. Kipimo hicho hutegemea maji yaliyomo mwilini: chembe za haidrojeni hujipanga kwa nguvu ya sumaku, hutikiswa na mawimbi ya redio, na zinaporejea mahali pake hutoa ishara ambayo kompyuta huigeuza kuwa picha.

Gadoliniamu ina nguvu ya kipekee katika shughuli hiyo. Maji yaliyo karibu nayo hurejea katika hali yake upesi zaidi, na hivyo sehemu ilipofika dawa hung'aa kwenye picha. Tatizo ni kwamba gadoliniamu ikiwa tupu ni sumu. Wanakemia wa Ujerumani waliifungia ndani ya molekuli inayoishika kama kizimba kinavyomshika ndege, na mwaka 1988 dawa ya kwanza ya namna hiyo ikaidhinishwa kuuzwa.

Hapo ndipo figo zinapoingia. Kila figo ina takriban vichujio vidogo milioni moja, na kwa pamoja figo mbili huchuja kiasi cha lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, ambazo karibu zote hurudishwa mwilini na chache tu kutoka kama mkojo. Dawa ya gadoliniamu ya aina ya kawaida hupita kwenye vichujio hivyo bila kurudishwa. Kwa mtu mwenye figo nzima, zaidi ya asilimia 90 ya dawa huwa imetoka kwa mkojo katika muda wa saa 24.

Tabia hiyo imewapa madaktari njia ya kuitazama figo ikifanya kazi. Mgonjwa hudungwa kiasi kidogo cha dawa akiwa ndani ya mashine, nayo picha hupigwa mfululizo kwa dakika kadhaa. Kwanza tabaka la nje la figo hung'aa damu inapoingia. Kisha mng'ao huhamia sehemu ya ndani. Mwishowe huonekana katika njia ya mkojo. Kutokana na kasi ya safari hiyo, wataalamu hukokotoa ni kiasi gani cha damu kinachochujwa kwa dakika.

Faida yake kubwa ni kuzitenganisha figo mbili. Kipimo cha kawaida cha damu, kile cha kreatinini, hutoa jumla tu. Mtu anaweza kuwa na figo moja inayobeba mzigo karibu wote huku nyingine ikinyauka kwa sababu ya mshipa uliobana au mkojo uliozibwa, na karatasi ya maabara ikaonyesha hali ya kuridhisha. Picha humfichua mvivu. Kwa anayetaka kumpa ndugu yake figo, au kwa daktari anayejiuliza iwapo figo iliyoziba inafaa kuokolewa, tofauti hiyo ni suala la uhai. Isitoshe, MRI haitumii mionzi kama ile ya eksirei.

Si kipimo cha kila mgonjwa. Hutumika zaidi katika utafiti na katika hospitali kubwa zenye wataalamu. Kwa watu wengi kipimo cha damu, cha mkojo na cha shinikizo la damu ndicho cha kwanza, tena cha bei nafuu.

Upande wa pili wa sarafu

Sifa ile ile inayoifanya gadoliniamu kuwa shahidi wa figo ndiyo inayoifanya kuwa hatari. Figo zikiwa zimechoka kabisa, dawa haipati pa kutokea. Hubaki mwilini kwa siku nyingi, kizimba hulegea, na metali hujipenyeza katika nyama.

Mwaka 1997 madaktari wa Marekani walianza kuona wagonjwa wa figo ambao ngozi yao ilikuwa ikigeuka ngumu kama gome la mti, viungo vikikataa kukunjika. Ugonjwa huo mpya ulielezwa katika jarida la tiba mwaka 2000, lakini chanzo chake kikabaki fumbo. Mwaka 2006 Thomas Grobner, daktari wa figo wa Austria, alitoa taarifa iliyouhusisha na dawa ya gadoliniamu. Kwa karibu miaka 20 dawa hiyo ilikuwa imesifiwa kuwa salama hata kwa wenye figo mbovu. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali liandikwe kwenye dawa zote za aina hiyo.

Tangu hapo utaratibu ulibadilika. Wagonjwa walianza kuulizwa kuhusu figo zao kabla ya sindano, hasa wale ambao uchujaji wao umeshuka chini ya mililita 30 kwa dakika, ilhali kijana mwenye afya huchuja takriban 100 au zaidi. Dawa zilizoishika metali kwa kizimba cha duara, ambacho ni imara zaidi, zilipewa kipaumbele, na mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ukasimamisha matumizi ya kadhaa kati ya zile zenye kizimba legevu. Visa vipya vya ugonjwa huo wa ngozi vikawa adimu sana.

Funzo lililopatikana kwa maumivu ya watu lilikuwa lile lile la Uppsala: pima kwanza.

Kwa nini Dandora

Dandora si mahali pa kulichukulia suala la figo kwa wepesi. Jaa lake, lililoanza kutumika miaka ya 1970 kando ya Mto Nairobi, lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, lakini malori yaliendelea kumwaga taka humo miaka mingi baadaye. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake makuu katika jiji hilo hilo, lilitoa ripoti ya uchunguzi uliohusisha watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa hilo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kuvuka mikrogramu 10 kwa desilita, mpaka uliokuwa ukikubalika kimataifa wakati huo. Udongo nao ulipatikana na metali nzito, zikiwamo risasi, zebaki na kadmiamu.

Metali hizo tatu zinajulikana kwa kuziumiza figo zinapojilimbikiza mwilini, nazo hufanya hivyo kimyakimya. Zikiongezwa juu ya kisukari na shinikizo la damu, ambavyo ni vyanzo vikuu vya figo kushindwa kazi, mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu za figo zake kabla ya kuhisi lolote. Miguu inapovimba na pumzi kukatika, mara nyingi maji yamekwisha kumwagika, na kinachobaki ni kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo nyingine.

Mkazi wa Dandora huandikiwa MRI kwa sababu nyingi: mgongo, kichwa, uvimbe. Wengi hufika kwenye mashine wakiwa wamechangiwa na jamaa na majirani, na hawataki kuuliza maswali yatakayoahirisha shughuli. Lakini maswali matatu hayapaswi kuachwa. Je, kipimo hiki kinahitaji dawa ya kung'arisha? Je, figo zangu zimepimwa hivi karibuni? Na je, dawa itakayotumika ni ya kizimba imara? Mwenye kisukari, mwenye shinikizo la damu, aliyewahi kuambiwa figo zake zina kasoro, anayesafishwa damu, na mwanamke mwenye mimba, wote wanapaswa kulisema hilo kabla ya sindano. Kulisema hakumaanishi kunyimwa kipimo. Daktari anaweza kuchagua dawa nyingine, kupiga picha bila dawa, au kupanga siku ya kusafisha damu iwe karibu na siku ya kipimo.

Gadolin hakujua lolote kuhusu gadoliniamu, wala hakuwahi kuona picha ya figo hai. Alichoacha ni jina na desturi. Jina walimpa wengine alipokuwa kaburini kwa miaka 34. Desturi aliijenga mwenyewe mbele ya mizani, akikagua jiwe moja jeusi hadi akawa na hakika ya kile alichoweza kukisema, na kukiri kile ambacho hakuwa na hakika nacho. Maabara yake iliungua, lakini vipimo vyake vilisalia kwa sababu alikuwa ameviandika. Mkazi wa Dandora anayehifadhi karatasi yake ya kreatinini na kuibeba siku ya MRI anafuata desturi hiyo.